Jinsi ya kutafuta kijiji cha ukoo kilichochomwa wakati wa Maji Maji, ukiwa Dar

Nina steshenari Mbagala, upande wa Charambe: kopi, kuchapa, kubaindi, kulamineti vyeti. Kuanzia mwezi wa sita foleni inakuwa ya watu wa historia za ukoo, maana ndio msimu wa mikutano ya koo na safari za Kusini. Mtu anakuja na daftari au flashi, anataka kijitabu cha kuwagawia ndugu. Nimechapa vya Wamatumbi, Wangindo, Wangoni, Wamwera, Wapogoro. Karibu vyote vina sentensi hii: "Kijiji chetu cha asili kilichomwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji." Nukta. Aya inayofuata tuko 1961, bendera inapanda.

Kijiji chenyewe kilikuwa wapi? Jumbe alikuwa nani? Watu walikimbilia wapi, walirudi lini, nani hakurudi? Kimya. Wala mwenye daftari simlaumu. Hajui aanzie wapi, na anadhani mpaka apande ndege kwenda Ujerumani. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika hapahapa mjini kwa nauli ya daladala. Mimi ni Mmatumbi, ya kwetu nimeifanya, za wateja nimezisaidia, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wakiwa wamesimama kaunta wakisubiri mashine ipoe.

Kabla hujamuuliza mtu

Ukienda kwa mzee hujui hata mwaka, atakuchoka mapema. Kwa hiyo ya msingi yawe kichwani. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 Nandete, milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwenye maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, mapema kabisa, na vita vikaendelea bila yeye hadi Mahenge, Ungoni na Upangwa. Hayo ya darasani unayakumbuka.

Yasiyokaa kichwani ni ya baadaye. Wapiganaji walipoacha kuyavamia maboma wakaingia msituni, Wajerumani hawakuweza kuwafuata kila kichaka. Kapteni Wangenheim akamwandikia Gavana von Götzen mwaka huohuo wa 1905 kwamba vita vya bunduki peke yake haviwezi kumaliza kazi. Njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri. Ikawa hivyo. Vikosi vikapita kijiji baada ya kijiji, nyumba zikatiwa moto, maghala yakachomwa au nafaka ikabebwa, mashamba yakaharibiwa. Usichukulie kuchoma kule kama hasira ya askari waliochoka. Moto ndio uliokuwa silaha, na njaa ndiyo iliyokuwa shabaha.

Angalia na hesabu ilivyofanywa. Upande wao walihesabu mmoja mmoja: Wazungu 15, askari Waafrika 389. Upande wetu serikali yao ilikadiria 75,000, namba ya mviringo. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyewahoji wazee wa Umatumbi wenyewe, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wa hao ni wa njaa. Kwa hiyo ukienda kutafuta orodha ya waliokufa kijijini kwenu kwenye faili la Kijerumani unajichosha. Hao hawakuandikwa.

Vijana wanaoangalia filamu za Ulaya hunidai tarehe. Wameona habari za Lidice, kijiji cha Chekoslovakia kilichofutwa tarehe 10 Juni 1942 kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Heydrich, mkubwa wa Wanazi kule: wanaume 173 walipigwa risasi hapohapo, wanawake wakapelekwa kambi ya Ravensbrück. Au Oradour-sur-Glane ya Ufaransa, tarehe hiyohiyo ya 10 Juni, mwaka 1944, watu zaidi ya 640. Kule Oradour magofu yameachwa yalivyo, na kijiji kipya kikajengwa pembeni. Sawa. Kule kulikuwa na daftari za wakazi, shule, posta, nyumba za mawe zinazoacha gofu. Nyumba ya fito na udongo ikiungua, masika mbili tu inakuwa kichaka. Kwa hiyo wewe tafuta msimu badala ya tarehe: mahindi yalikuwa wapi, mvua zilikuwa zimeanza au bado. Msimu wazee wanao.

Uliza njaa, usiulize vita

Hapa ndipo penye kazi yote, na kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Ukimuuliza mzee "tuambie habari za Maji Maji", atakupa hadithi ya shule: dawa, risasi zigeuke maji, Kinjikitile, umoja wa makabila. Ameisikia redioni, mjukuu ameisoma darasani akamsimulia. Si uongo, ila si ya kijiji chenu. Muulize njaa.

Mama yangu mkubwa anaishi Kongowe. Nilimkuta uani anachambua kisamvu, nikaanza vibaya hivyohivyo na vita, naye akanipa risasi na maji kwa dakika tano, mikono haikuacha kufanya kazi. Nikamuuliza: bibi yako alikufundisha kula nini ambacho sisi hatuli? Mikono ikasimama. Akasema, ndiga, kiazi cha porini. Akaanza kunieleza jinsi ya kuiandaa: unamenya, unakata vipande vyembamba, unatia kwenye kikapu unakizamisha mtoni penye maji yanayokwenda, siku tatu, halafu unaonja kwa ncha ya ulimi, ikiwasha unarudisha. Bibi yake alikuwa mtoto wakati ule, na alikuwa akisema waliokufa nyumbani kwao ni wale walioshindwa kusubiri siku ya tatu. Wakaila ina sumu bado. Nikamuuliza, mto gani huo? Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote, akashangaa kwamba silijui. "Si mto wetu huo, mwanangu!"

Umeona? Nimeuliza chakula, nikapewa mto. Mto ukishaupata, kijiji hakiko mbali.

Tangu hapo maswali yangu ni ya jikoni. Walikula nini msituni: ndiga, ming'oko, mizizi gani, majani gani? Maji walichota wapi? Chumvi walipata kwa nani? Walijificha wapi? Umatumbi ni nchi ya mapango, na Pango la Nang'oma jirani na Nandete linatajwa mpaka leo kuwa watu waliishi ndani yake. Kwingine watakutajia bonde au msitu. Mtoto anayelia walimfanyaje? Swali hili liulize taratibu na uwe tayari kunyamaza baada yake. Na swali ambalo watu husahau: mbegu za kwanza za kupanda baada ya vita mlizitoa kwa nani? Hilo linafungua mlango mkubwa, maana aliyewapa mbegu ndiye mliyemkimbilia, au ndugu wa pwani, au mkwe. Mteja wangu mmoja Mngindo aligundua kwa swali hilo kwamba ukoo anaouita "majirani tu" ndio uliowalisha, na ndiyo sababu ya utani wao mpaka leo.

Waulize wanawake. Wanaume watakupa majina ya wapiganaji, na utayahitaji. Lakini njaa ilibebwa na mama aliyekuwa anatafuta cha kupika, na ikasimuliwa kwa binti akiwa anafundishwa kupika.

Adabu unaijua, ila nitasema, maana nimeona wajukuu wanakwenda na simu mkononi kama askari wa barabarani. Nenda baada ya alasiri, mzee ameshaswali na jua limepungua. Beba sukari na sabuni. Kaa, salimia, uliza afya za watu wote, kunywa chai. Simu ije baadaye, na uombe ruhusa ya kurekodi, umwambie itasikilizwa na nani. Ukikubaliwa, iweke kwenye hali ya ndege isiite, uilaze mkekani karibu na mzee kuliko karibu na wewe, na useme mwanzoni tarehe, mahali na jina la anayezungumza, ili miaka ishirini ijayo mtu ajue sauti ni ya nani. Mwache aongee Kimatumbi, au Kingindo, au chochote anachoota nacho. Kiswahili utakitafuta baadaye na binamu. Usimsahihishe mwaka. Ukiondoka acha cha tumbaku bila kukitangaza.

Kuna chanzo kingine ambacho nakijua kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye hitima, familia nyingi humpelekea shehe karatasi ya majina ya marehemu yasomwe. Watu huja kwangu kuzichapa upya zikichakaa. Iombe hiyo karatasi ya ukoo wenu, tena ile kuukuu iliyoandikwa kwa mkono, uanzie chini, au juu, popote wanapoweka wa kale. Huko mwisho kuna majina ambayo hakuna anayejua ni ya nani, na mara nyingine yanaishia na maneno ya jumla: "na wote waliokufa porini". Orodha moja niliyoichapa ilikuwa na majina ya watoto wanne mfululizo, ya mama mmoja. Mwenye karatasi alitaka niyapunguze ili ukurasa utoshe. Nilimwambia ukurasa wa pili ni bure. Wakristo wa Ungoni na Kipatimu nao wana misa za marehemu. Uliza nia zimeandikwa kwenye daftari gani.

Moto upi?

Ukisikia "Mjerumani alichoma", usikimbilie kuandika 1905. Kusini kijiji kiliweza kupotea mara nne, na wazee wanazichanganya kwa sababu waliowasimulia walizipitia zote.

Ya kwanza ndiyo yetu, 1905 hadi 1907. Ya pili ni vita vya 1914: mwishoni mwa 1916 na mwanzoni mwa 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana Kibata, katikati kabisa ya Umatumbi, na majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji na kuwabebesha mizigo. Njaa na homa zikafuata. Ya tatu ni Mwingereza, miaka ya 1940, alipowahamisha watu wa Liwale kwa sababu ya malale, na nchi yao ikaingizwa kwenye pori la wanyama la Selous. Ya nne ni operesheni vijiji, miaka ya sabini, na huko nako kuna nyumba zilizovunjwa ili watu wasirudi.

Kuzitenganisha si vigumu ukiwa na sikio. Likitajwa lori, hiyo ni ujamaa. Ikitajwa mizinga mikubwa, au wanaume kuchukuliwa kubeba mizigo wasirudi, hiyo ni 1916. Wakitaja pamba ya jumbe, akida, rupia tatu za kodi ya nyumba, dawa ya maji, na kwamba mwaka uliofuata hawakuwa na cha kupanda, uko penyewe. Kisha hesabu vizazi. Mzee wa miaka themanini anayesema "bibi yangu alikuwa mtoto" anakwenda sawa na 1905. Akisema "mama yangu", kuwa mwangalifu, huenda ni ile ya pili.

Na suala la nani alishika kijinga cha moto. Wajerumani walikuwa wachache. Waliochoma kwa mikono yao wengi walikuwa askari Waafrika, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo, pamoja na rugaruga, wapiganaji wa kusaidia waliotolewa kwa majirani. Andika hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Lakini ukoo wa jirani usiutaje kwa jina kwa sababu ya mdomo mmoja, hata mdomo huo ukiwa wa babu yako. Wajukuu wa pande zote wanapanga nyumba moja hapa Temeke.

Karatasi zilizoko Dar

Ukishakuwa na mto, jina la jumbe na msimu, sasa ingia kwenye karatasi. Kabla ya hapo utapotea.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho (ya chuo, ya kazini, au ya serikali ya mtaa), na uulizie mapokezi utaratibu na ada kabla hujapanga siku nzima. Mafaili ya enzi ya Mjerumani yameorodheshwa kwa herufi G. Mengi yameandikwa kwa mkono wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma. Kuna programu iitwayo Transkribus inayousoma kwa picha, si vibaya, ila utahitaji mtu wa kukagua. Mimi ningekushauri usianze huko. Anza na vitabu vya wilaya vya Mwingereza, kile cha Kilwa, cha Songea, kulingana na kwenu. Maofisa wao waliandika humo habari za koo, majumbe na mipaka, wakati ambapo waliokuwa watu wazima 1905 walikuwa hai. Kiingereza chake ni rahisi, dharau utaizoea.

Chuo Kikuu, Mlimani, maktaba ina sehemu ya Afrika Mashariki. Uliza kazi za mradi wa utafiti wa Maji Maji wa 1968. Idara ya historia iliwatuma wanafunzi wakati wa likizo wakawahoji wazee katika wilaya zao, na baadhi ya wazee hao walikuwa wameviona vita kwa macho. Mteja wangu wa Upogoro alimkuta humo mzee wa kijiji cha jirani akieleza njia ya kukimbilia ambayo shangazi yake alikuwa ameitaja kwa nusu. Ukipata bahati ya namna hiyo, kaa chini unakili kwa mkono, usitegemee picha ya simu peke yake.

Nyumbani, kwa bando lako, kuna mawili. La kwanza ni mafaili ya wizara ya makoloni yaliyoko Berlin, kundi la R 1001 la Bundesarchiv, ambayo yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. La pili, na kwa kazi hii ni bora zaidi, ni ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zilizochorwa na Sprigade na Moisel. Tafuta karatasi ya eneo lenu, ipakue kwa ukubwa wake wote, uikuze.

Hapo utahitaji ujanja wa tahajia. Wao waliandika kwa masikio yao: Ssongea, Daressalam, Kitschi badala ya Kichi. S mwanzoni huwa ss, sh ni sch, ch ni tsch, j mara nyingi ni dsch au dj. Andika jina lenu kwa kila namna inayowezekana kabla ya kusema halipo. Pili, kwenye ramani hizo vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la jumbe. Jumbe akifa, au akinyongwa, jina la kijiji linabadilika kwenye ramani inayofuata. Ndiyo maana nakwambia umpate jumbe kwanza. Mto nao hubaki na jina lake. Ule wa mama mkubwa niliupata, mstari mwembamba wa buluu, umeandikwa kwa herufi mbili za ziada, na juu yake vijumba viwili vya alama ya makazi.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nenda na watoto. Utaelewa picha nzima, kijiji chenu hutakiona. Ukirudi pitia Sanamu ya Askari pale Samora. Imewekwa 1927 na Waingereza, ni ya Waafrika waliokufa vita vya 1914. Kabla yake hapo mjini Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao Wissmann. Wa mwaka 1905 katikati ya Dar hawana hata kigingi, ndiyo hivyo.

Kwenda kuona

Nenda kati ya Julai na Septemba. Masika barabara za milimani hazipitiki kwa raha, na majani yakiwa marefu hutaona kitu. Kwa Umatumbi unapanda gari la Kusini hapa Rangi Tatu, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unashuka Njia Nne, halafu unatafuta usafiri wa kupanda Kipatimu. Bodaboda zipo, elewana bei kabla. Ukifika, kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, ujitambulishe. Mgeni anayezungukazunguka porini na simu anapiga picha ardhi, watu wanadhani umekuja kununua au kupora.

Mchukue mwenyeji mtu mzima, na fundi wa asali au mwindaji kama yupo, maana hao ndio wanaojua msitu. Unachotafuta: miembe au mikwaju mikubwa iliyosimama kwa mpangilio mahali ambapo sasa hapakai mtu, vigae vya vyungu juu ya ardhi, mawe ya kusagia, mafiga, makaburi yenye mawe kichwani na miguuni. Mwembe mmoja hausemi kitu, mbegu huangushwa na mpita njia. Miembe mitano na vigae chini yake, hapo palikuwa na nyumba. Weka alama kwenye ramani ya simu, piga picha ukiwa na mtu ndani ya picha ili ukubwa uonekane.

Usichimbe. Usibebe kigae hata kimoja. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na zaidi ya sheria, ukikiondoa umeondoa ushahidi pekee mlionao. Ukiona kitu kikubwa, mifupa hasa, kiache, mwambie mtendaji na afisa utamaduni wa wilaya. Wenyeji wakitaka kufanya tambiko au dua kwanza, kaa pembeni usubiri. Wao ndio waliokaa na hao marehemu muda wote ambao wewe ulikuwa Mbagala.

Nandete penyewe kuna mnara wa kumbukumbu, upitie. Wangoni wao wana Songea: makumbusho, kaburi la pamoja, na kumbukumbu ya kila tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda hapo Novemba 2023 akaomba msamaha, na bado kichwa cha Nduna Songea Mbano kinatafutwa hukohuko kwao. Hiyo ni kumbukumbu ya taifa, na inastahili. Lakini inawakumbuka walionyongwa, ambao majina yao yapo. Mama aliyekufa kwa ndiga ambayo haijaiva hana siku yake Songea wala Nandete. Huyo ni wenu.

Kijitabu

Sasa njoo dukani. Na hapa nitasema kama fundi.

Usianze na Adamu. Historia nyingi zinaanza na "ukoo wetu ulitoka Msumbiji" au "Kongo" kurasa nne, halafu Maji Maji mistari miwili. Geuza. Anza na mto, jumbe, nyumba ngapi zinakumbukwa na za kina nani. Halafu njaa, kwa maneno ya aliyesimulia, pamoja na Kimatumbi chake upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kila habari iandike imetoka kwa nani na yeye aliipata kwa nani. "Inasemekana" nitaichapa kwa sababu umelipa, lakini nitanuna. Wazee wawili wakitofautiana, weka wote wawili. Usipatanishe.

Majina ya kwenye karatasi ya hitima yaweke yote, hata yasiyojulikana. Ramani weka moja, uichore kwa mkono na kalamu nyeusi. Ya kompyuta kwenye kopi inatoka tope. Picha zisizidi sita kwa sababu hiyohiyo.

Sauti ulizorekodi usiziache kwenye simu. Simu Dar inaibiwa. Weka nakala kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na moja mtandaoni.

Siku ya kukumbuka, chagueni wenyewe. Ukoo mmoja wa Charambe wanafanya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane: kisomo asubuhi, majina yanasomwa yote, halafu chakula cha mchana kinaanza na ming'oko ya kuchemsha kabla ya pilau. Watoto wananuna, wanakula. Wengine wanaunganisha na arobaini au harusi ili kupunguza gharama, na sioni ubaya wake.

Nakala tano ziende Kusini kabla hujagawa Dar: kwa mzee aliyesimulia, kwa mtendaji, shule ya msingi, msikiti au kigango, na kwa yule mwenyeji aliyekupeleka porini. Nyingine ipeleke maktaba ya Chuo Kikuu, uulize kama wanapokea. Na nikuachie kurasa tatu tupu mwishoni kabla sijabaindi, maana wiki haitaisha atatokea mjomba kusema jina la jumbe mmelikosea. Mpe kalamu aandike mwenyewe, tarehe na sahihi yake, na aliyemwambia.